Mwalimu Amerudisha Ufunguo

Jumamosi ile mwalimu wa timu ya watoto wetu alimaliza mazoezi mapema kuliko kawaida, akahesabu mipira mmoja mmoja, akafunga fulana za mazoezi ndani ya mfuko, kisha akaja moja kwa moja mahali nilipokuwa nimekaa, kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina wa wazazi. Alinikabidhi ufunguo wa stoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama Elia. Naomba radhi kwa kukushtukiza," alisema. Alikuwa amepata kazi katika mkoa mwingine, kwenye kituo cha kulea vipaji chenye uwanja wa nyasi na mshahara wa kila mwezi, na angesafiri Jumatatu. Akaongeza kwamba glovu za kipa wetu mdogo zimechanika na akaomba tusizisahau.

Sikumjibu habari za glovu. Nilimwambia, watoto wakinisikia, "Kwa hiyo unatukimbia, mwalimu."

"Hapana, mama," alisema, akabeba begi lake, akaenda.

Usiku ule mwanangu Elia, ambaye amekua akinisikia nikisimulia habari za kocha Mfaransa Hervé Renard na ubingwa wa Afrika wa Zambia, aliniuliza swali ambalo limenikosesha raha kwa wiki sita sasa.

"Mama, na yule kocha wa Zambia, naye alikimbia?"

Barabara moja, saa mbili tofauti

Mwaka 2012 nilikuwa naishi Tunduma, na kaka yangu alikuwa na kibanda umiza karibu na mpaka. Usiku wa Jumapili ya tarehe 12 Februari nilikaa mlangoni nikimsaidia kukusanya kiingilio. Walioingia hawakuwa Watanzania peke yao. Wengi walikuwa wamevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, tangu jioni, na kwa kuwa Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, hapakuwa na wageni. Kilichotutenganisha kilikuwa saa tu, maana kwetu ilikuwa saa moja mbele ya kwao, na mtu aliyeuliza mechi inaanza lini alipewa majibu mawili, yote sahihi.

Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Zambia dhidi ya Kodivaa, ilichezwa Libreville, Gabon. Kila mtu mle ndani alijua maana ya jina hilo. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege iliyobeba timu ya Zambia kuelekea Senegal ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka mji huohuo, wakafa watu wote 30 waliokuwamo, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Mwaka 2012 Zambia ilicheza mechi zake zote za awali katika Guinea ya Ikweta, na isingefika Libreville kama isingefika fainali. Ilipofika, Renard na vijana wake walikwenda ufukweni kuweka maua, wakiwa na Kalusha Bwalya, aliyenusurika mwaka 1993 kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na hakuwa ndani ya ndege ile.

Sitasimulia mechi nzima. Kodivaa walikuwa na Didier Drogba, Yaya na Kolo Touré, Gervinho, na hawakuwa wameruhusu bao hata moja katika mashindano yote. Beki wa Zambia, Joseph Musonda, aliumia kabla hata robo saa haijatimia, akatoka akilia. Drogba alipaisha penati katika dakika ya 70. Dakika 120 zilikwisha bila bao, tukaingia kwenye matuta, yaani kupigiana penati, na wachezaji wa Zambia wakawa wanaimba palepale uwanjani. Kolo Touré alikosa. Rainford Kalaba akakosa. Gervinho akakosa. Stoppila Sunzu akafunga, ikawa 8 kwa 7, na ukuta wa mabati wa kibanda cha kaka yangu ulilala chini kwa sababu watu walitoka wote kwa pamoja.

Mimi nilibaki ndani, nikitazama skrini, kwa hiyo niliona jambo ambalo wengine hawakuliona mpaka kesho yake.

Renard, ndani ya shati lake jeupe, hakukimbilia kombe. Alimwendea Musonda, ambaye asingeweza kukimbia na wenzake, akamnyanyua kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akampeleka hadi katikati ya furaha yao.

Picha hiyo ndiyo niliyomsimulia Elia tangu akiwa mdogo. Nilimpa Renard kama mfano wa mtu asiyemwacha mwenzake. Sasa mtoto ananiuliza kama mtu huyo alikimbia, na jibu la kweli ni kwamba aliondoka. Aliondoka Zambia mara mbili.

Mapipa ya taka kabla ya alfajiri

Nilirudi kuyasoma maisha yake upya, safari hii nikitafuta kitu kingine. Zamani nilikuwa nayaanzia Libreville.

Alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Aix-les-Bains, kule Ufaransa, akawa beki wa Cannes, klabu ambayo kijana mmoja aitwaye Zinedine Zidane alianzia safari yake. Zidane akaenda anakojulikana. Renard alishuka kwenye timu ndogo za pwani ileile, Vallauris na kisha Draguignan, na mwaka 1998 uchezaji ukaisha bila kelele. Alifanya kazi ya usafi. Aliamka usiku wa manane kuondoa mapipa ya taka na kusafisha majengo, baadaye akafungua kampuni yake mwenyewe ya usafi, na jioni alikwenda uwanjani kuifundisha Draguignan.

Nimekaa sana kwenye sehemu hii, pengine kuliko inavyostahili, kwa sababu mwalimu wetu naye alikuwa anapakia magunia ya mchele sokoni asubuhi na kufika uwanjani saa kumi na nusu akiwa na vumbi la pumba kwenye nyusi. Nililiona vumbi hilo kwa miaka mitatu. Sikuwahi kujiuliza alilala saa ngapi.

Aliyemtoa Renard kwenye mapipa ni Claude Le Roy, Mfaransa aliyeipa Kamerun ubingwa wa Afrika mwaka 1988. Mwaka 2002 alimchukua kuwa msaidizi wake Shanghai, Uchina. Mwaka 2004 wakaenda Cambridge United, klabu ya daraja la nne Uingereza. Le Roy akaondoka mapema, Renard akaachiwa timu, na kabla mwaka haujaisha akafungashiwa virago. Akaenda Nam Dinh, Vietnam. Akarudi Ufaransa kuifundisha Cherbourg katika daraja la tatu. Mwaka 2007 Le Roy akamwita tena, safari hii Ghana, na mwaka 2008 Zambia ikampa timu ya taifa.

Ukitazama karatasi yake ya siku ile, alikuwa mtu wa miaka 39 asiye na taji lolote kubwa, aliyewahi kufukuzwa na klabu iliyokuwa mkiani mwa daraja la nne. Nina hakika kabisa kwamba kamati yetu ya wazazi isingemkubali.

Aprili 2010

Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la Januari 2010, lililochezwa Angola, Renard aliifikisha Zambia robo fainali, hatua ambayo haikuwa imefika tangu 1996. Walitolewa na Nigeria kwa matuta. Miezi michache baadaye akaondoka, akaenda kuifundisha Angola yenyewe, jirani wa Zambia.

Kwa kipimo nilichompimia mwalimu wetu, huko ndiko kukimbia hasa. Angola hakudumu, kabla mwaka haujaisha alikuwa ametoka, akaenda Algiers kuifundisha USM Alger, na Oktoba 2011 Zambia ikamrudisha.

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa, kwa sababu ili Renard arudi ilibidi mtu mwingine atoke. Mtu huyo alikuwa Dario Bonetti, Mwitalia aliyekuwa ametoka tu kuipatia Zambia nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya 2012. Alifuzu, akaondolewa. Timu aliyoifikisha mlangoni iliingia ndani na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye niliyemshangilia mpaka sauti ikakauka.

Sikumbuki hata mtu mmoja pale Tunduma aliyesema kwamba Zambia ilimkimbia Bonetti.

Nilianza kuhesabu mambo ya kwetu. Kabla ya mwalimu huyu tulikuwa na mwingine, mzee mwenye firimbi ya shaba, tuliyemwondoa baada ya muhula mmoja kwa sababu timu ilifungwa katika fainali ya kata. Kikao kilichukua dakika ishirini. Daftari la mweka hazina ninalo mimi, na linaonyesha kwamba katika miezi thelathini na sita ya mwalimu aliyeondoka, posho tuliyomwahidi tulimlipa kikamilifu miezi kumi na minne. Miezi mingine tulimpa nusu, au nauli, au pole. Niliandika takwimu hizo kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu, na bado nilisimama mbele ya watoto nikasema anatukimbia.

Gervinho ameugeukia uwanja mgongo

Kuna tukio la pili ambalo sikuwahi kumsimulia Elia, labda kwa sababu liliivuruga hadithi yangu ya kwanza.

Mwaka 2014 Renard alikubali kuwa kocha wa Kodivaa, yaani watu walewale aliowaliza Libreville. Fikiria chumba cha kubadilishia nguo siku ya kwanza. Kolo Touré yumo. Gervinho yumo. Hawa wawili walikosa penati mbele ya mtu huyu, na mtu huyu alisherehekea mpaka dunia nzima ikaona. Sasa anaingia na shati lake jeupe na anatakiwa awaambie namna ya kushinda.

Fainali ya Afrika ya tarehe 8 Februari 2015 ilichezwa Bata, Guinea ya Ikweta, dhidi ya Ghana. Tena bila bao, tena matuta. Kodivaa walikosa penati zao mbili za kwanza, na yeyote aliyekuwa na kumbukumbu alijua kinachofuata. Gervinho, aliyekuwa ametolewa mwishoni mwa mchezo, alichukua kiti na kukaa akiwa ameugeukia uwanja mgongo, kwa sababu hakuweza kutazama. Kolo Touré alikwenda kwenye nukta nyeupe, akafunga. Mwishowe walibaki makipa wawili. Boubacar Barry, kipa aliyeanza mechi ile kwa kuwa kipa namba moja alikuwa ameumia, alidaka penati ya mwenzake wa Ghana, kisha akapiga yake mwenyewe na kufunga. Ikawa 9 kwa 8.

Hakuna kocha aliyewahi kulitwaa kombe hilo na nchi mbili tofauti kabla yake.

Nilichokiona safari hii, nikitazama upya picha za siku ile, ni kwamba kuondoka kwake Zambia ndiko kulikomfikisha kwenye kiti cha Gervinho. Kama angebaki alikompendezea kila mtu, vijana wale wangeendelea kubeba usiku wa Libreville peke yao. Lakini nasita hapohapo, kwa sababu hoja hiyo ni nyepesi mno kwa upande wa anayeondoka. Zambia aliyoiacha mwaka 2013 ilikosa kufuzu kwa mashindano matatu mfululizo ya Afrika, kuanzia yale ya 2017. Si yeye aliyesababisha yote hayo, ila mtoto wa Nakonde aliyekuwa na miaka kumi usiku ule wa 2012 alikuwa mtu mzima alipoiona tena nchi yake kwenye mashindano hayo.

Sehemu ambazo hakuweza

Ingekuwa si haki kumwandika kama mtu ambaye kila anachogusa kinapona. Hata akiwa bado na Zambia, mwaka 2013, mabingwa watetezi walitoka katika hatua ya makundi wakiwa na sare tatu. Oktoba mwaka huo alichukua Sochaux ya Ufaransa, iliyokuwa imezama, akaivuta mpaka siku ya mwisho ya ligi, kisha ikafungwa 3 kwa 0 nyumbani na Evian, timu iliyokuwa inagombania nayo kubaki, ikashuka daraja. Mwaka 2015, baada ya ubingwa wa Bata, Lille ilimwajiri na kumwondoa mwezi wa Novemba.

Nadhani timu ya taifa inamfaa kwa sababu inampa siku chache na watu wengi wenye kiu. Kwenye klabu kuna Jumatatu nyingi. Mechi ya kawaida ya mwezi wa Oktoba haihitaji mtu wa kubeba wengine mikononi. Inahitaji mtu wa kurekebisha kona ileile kwa mara ya arobaini. Hii ni tafsiri yangu mimi, na wanaoujua mpira kuliko mimi wanaweza kuikataa.

Hata hivyo, si kweli kwamba yeye ni mtu wa kupita tu. Alikaa na Moroko tangu 2016 hadi 2019, akaipeleka Kombe la Dunia la 2018 baada ya miaka 20 ya kutofika huko, na tiketi hiyo aliikata Abidjan, kwa kuifunga Kodivaa yake ya zamani 2 kwa 0. Mwaka 2019 Moroko ileile ilitolewa na Benin kwa matuta, akaondoka. Alikaa Saudia tangu 2019 hadi 2023, na tarehe 22 Novemba 2022, Saudia ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Argentina, aliwauliza vijana wake wakati wa mapumziko kama wanataka kuchukua simu wakapige picha na Messi, kwa jinsi walivyokuwa wakimtazama tu. Walirudi uwanjani, wakafunga mabao mawili ndani ya dakika nane za mwanzo wa kipindi cha pili, wakashinda 2 kwa 1. Machi 2023 akaomba kuondoka ili aifundishe timu ya wanawake ya Ufaransa. Oktoba 2024, Saudia ikamrudisha.

Hilo la kurudishwa ndilo lililonigeuza.

Januari ya Abidjan

Sisi Watanzania tunaukumbuka Januari wa 2024 kwa mambo yetu. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kodivaa tulikuwa kundi moja na Moroko, Zambia na Kongo. Dhidi ya Zambia, Simon Msuva alitutanguliza, na tulikuwa dakika mbili tu kabla ya tisini pale Patson Daka aliposawazisha. Nililia sebuleni, na Elia akaniuliza kama si mimi niliyekuwa nashabikia Zambia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine wiki hiyohiyo. Kodivaa, wenyeji, walifungwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, kocha wao Jean-Louis Gasset akaondoka mashindano yakiendelea, na wakasubiri mechi za wengine ili wajue kama wamebaki. Waliokolewa na Moroko, iliyoifunga Zambia bao 1 kwa 0. Yaani timu moja aliyowahi kuifundisha Renard iliifunga nyingine aliyowahi kuifundisha, ikaiokoa ya tatu. Na viongozi wa soka wa Kodivaa, wakiwa katika siku hizo, waliwaomba Wafaransa wawaazime Renard amalizie nao mashindano.

Walikuwa wameachwa naye mwaka 2015. Miaka tisa ilikuwa imepita, katikati yake amewafunga na Moroko na kuwazuia kwenda Kombe la Dunia, na bado jina la kwanza walilolitaja waliposhikwa na hofu lilikuwa lake.

Wafaransa walikataa. Timu akapewa Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi, na akaifikisha kwenye ubingwa. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote yalinisumbua: walimtaka aliyeondoka, na waliweza bila yeye. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kama timu inaweza kuendelea bila mwalimu, basi hakuwa na maana kubwa, na kama alikuwa na maana, basi hana haki ya kuondoka. Siwezi tena kuishikilia imani hiyo. Zambia ilimrudisha mtu aliyeiacha. Saudia ilimrudisha mtu aliyeiacha. Nchi nzima haiwezi kumtafuta tena mtu iliyemhesabu kuwa aliikimbia.

Nilimwambia Elia hivyo jana jioni, si kwa maneno mazuri kama haya. Nilimwambia kwamba Renard aliondoka, kwamba wakati anaondoka wapo waliokasirika na walikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba mimi nilikosea kutumia neno lile mbele yake na wenzake. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba mwalimu huwa anawapigia simu baadhi yao siku za Jumapili, na kwamba hakuniambia kwa sababu alidhani ningekasirika.

Leo asubuhi nilipiga namba ya mwalimu. Iliita muda mrefu, na ilipopokelewa nilisikia firimbi na watoto wengi. Nilianza kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, lakini alinikatiza kwa upole kabla sijafika mbali.

"Shikamoo, mama Elia. Hayo yameisha. Kipa wangu mmemnunulia glovu?"

Nilimjibu kuwa bado.